Barua ya Wazi kwa Bunge la Marekani: Mamlaka ya Kukomesha Hila za Mipaka Mnayo Ninyi

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi na Waheshimiwa Maseneta, Washington.
Nakala: Waheshimiwa wabunge wa jimbo la North Carolina, Raleigh.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kama mpiga kura wa mji wa Greensboro, North Carolina, mzaliwa wa Kenya niliyeapishwa kuwa raia wa nchi hii. Nawaomba mtumie mamlaka mliyopewa na Katiba kukomesha, kwa sheria ya taifa zima, mtindo wa kuchora mipaka ya maeneobunge ili chama fulani kiwe kimeshinda kabla ya kura kupigwa. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu barua hii itasomwa pia na wenzangu waliohamia hapa kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, ambao wanaithamini kura yao mno na wana haki ya kuelezwa kwa nini haina uzito waliodhani inao. Ofisi zenu hazikosi wafasiri.

Naanza na hesabu ambayo ninyi mnaijua kuliko mimi. Uchaguzi wa Novemba 2024 uliwapa Warepublikan viti 220 na Wademokrat viti 215 katika Baraza la Wawakilishi. Miaka miwili kabla ya hapo, North Carolina, yenye viti 14, ilikuwa imegawana sawa kwa sawa, saba kwa saba. Mwaka 2024 jimbo lile lile liliwapeleka Washington Warepublikan kumi na Wademokrat wanne. Wapiga kura hawakuwa wamegeuka kwa kiasi hicho, kwa maana siku hiyo hiyo walimpa Donald Trump takriban asilimia 51 ya kura za urais na wakamchagua Josh Stein wa chama cha Democratic kuwa gavana kwa takriban asilimia 55. Kilichogeuka ni ramani, ambayo bunge la jimbo liliipitisha mjini Raleigh mwezi Oktoba 2023. Ondoeni viti vitatu kwenye 220 mviongeze kwenye 215, na matokeo yanakuwa 217 kwa 218, yaani uspika, uenyekiti wa kila kamati na ratiba yote ya miswada vinahamia upande wa pili. Chama kinachoshika Baraza la Wawakilishi la nchi yenye watu zaidi ya milioni 330 kiliweza kuamuliwa na mistari iliyochorwa katika jengo moja la serikali ya jimbo.

Najua jibu litakalotolewa upesi na wale walionufaika: kwamba Wademokrat nao hufanya vivyo hivyo. Ni kweli, wala sitaki kulizunguka jambo hilo. Illinois, ambako Trump alipata zaidi ya asilimia 40 ya kura mwaka 2024, ina ramani iliyochorwa na Wademokrat mwaka 2021 ambayo huwapa viti 14 kati ya 17. Maryland, mwaka 2011, Wademokrat walihamisha watu kwa malaki kuingia na kutoka katika eneobunge la 6 mpaka mbunge wa Republican aliyelishikilia kwa miaka ishirini akaangushwa katika uchaguzi uliofuata. Wapo wanaosema kwamba hila za pande mbili hufutana, na kwamba ukijumlisha nchi nzima idadi ya viti haipishani sana na idadi ya kura. Pengine kwa mwaka fulani hesabu hiyo hutimia. Lakini mkulima Mrepublikan wa kusini mwa Illinois hapati fidia yoyote kwa sababu mwalimu Mdemokrat wa Greensboro naye kadhulumiwa. Kila mmoja wao hupiga kura mahali anapoishi, hutafuta msaada kwa mbunge wa mahali hapo, na hunyamazishwa hapo hapo. Dhuluma mbili zikijumlishwa katika makaratasi ya Washington haziwi haki kwa yeyote kati yao.

Kwa faida ya wasomaji wenzangu, nieleze kidogo jinsi kazi hii inavyofanywa. Kila baada ya sensa ya miaka kumi, viti 435 hugawanywa upya kati ya majimbo, kisha kila jimbo hujigawa katika maeneobunge, kila moja likiwa na watu takriban 760,000. Tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi katika kesi ya Wesberry dhidi ya Sanders mwaka 1964, maeneobunge ya jimbo moja ni lazima yalingane kwa idadi ya watu, na wengi hudhani kwamba usawa huo unatosha. Hautoshi, kwa kuwa mchoraji anaweza kutimiza usawa wa idadi kwa ukamilifu na bado akaamua mshindi. Hutumia mbinu mbili. Ya kwanza ni kuwarundika wafuasi wa chama pinzani katika maeneobunge machache, washinde huko kwa asilimia 70 au 80 huku maelfu ya kura zao zikizidi bila kazi. Ya pili ni kuwatawanya waliobaki katika maeneobunge mengi, kila mahali wakiwa wengi vya kutosha kuhesabiwa lakini wachache mno kushinda. Zamani ilikuwa kazi ya kubahatisha kwa penseli, kama ilivyofanyika Massachusetts mwaka 1812 chini ya Gavana Elbridge Gerry, ambaye jina lake limenasa katika hila hii hadi leo, kwani kwa Kiingereza huitwa gerrymandering. Sasa kompyuta inajua matokeo ya kila kituo cha kura na takwimu za sensa za kila mtaa, na mstari unaweza kupitishwa kati ya nyumba na nyumba.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina A&T, hapa Greensboro, waliishi na mstari wa namna hiyo. Hiki ndicho chuo kikuu kikubwa kuliko vyote kati ya vile vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi; ndicho walikotoka vijana wanne ambao tarehe 1 Februari 1960 waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, iliyokuwa ya wazungu peke yao, wakakataa kuondoka. Ramani ya mwaka 2016 ilipitisha mpaka kando ya Laurel Street, barabara inayokatiza kampasi, ukigawa mabweni huku na huku. Mwanafunzi aliyevuka barabara kwa miguu alikuwa ametoka eneobunge la 13 na kuingia la 6. Wanafunzi hao kwa wingi wao walikuwa wafuasi wa chama cha Democratic, na pande zote mbili za barabara waliwakilishwa na Mrepublikan. Ilibidi mahakama ya jimbo iingilie kati mwaka 2019 ndipo ramani mpya ikaiunganisha kampasi tena. Sijui sababu yoyote ya utawala bora, ya umbali, ya mto au ya mlima, inayoweza kutolewa kwa mpaka kupita kati ya bweni na bweni la chuo kimoja.

Ramani ya 2023 ilifanya kwa kaunti nzima kile ambacho ile ya 2016 ilikifanya kwa kampasi. Kaunti ya Guilford, ambamo Greensboro imo, ilikatwa vipande vitatu. Kipande kimoja kiliunganishwa na eneobunge la 5, linaloelekea magharibi hadi milima ya Appalachia. Kingine kikatiwa katika la 6, linaloshuka kusini-magharibi kuelekea pembezoni mwa Charlotte. Cha tatu kikapelekwa katika la 9, linaloteremka kusini-mashariki hadi kaunti zilizo jirani na kambi ya jeshi ya Fort Bragg. Mji wetu una wakazi wapatao 300,000. Ungetosha kuwa moyo wa eneobunge, na kabla ya hapo ulikuwa. Leo ni pembe za maeneobunge matatu, ambayo kila moja lina moyo wake kwingineko.

Mwaka 2025 mama mmoja Mkongomani tunayesali naye aliniuliza mbunge wetu ni nani, kwa kuwa alitaka msaada wa kufuatilia karatasi za uhamiaji za mwanawe zilizokwama. Nilimjibu kwa haraka kwamba ni mbunge wangu, kisha nikaingiza anwani yake katika tovuti ya uchaguzi ya jimbo na kukuta kwamba wake ni mwingine kabisa, ingawa tunanunua unga katika duka moja na watoto wetu hucheza mpira katika uwanja mmoja. Silaumu ofisi yoyote kwa hilo, wala wafanyakazi waliompokea. Ninachosema ni kwamba jamii ndogo kama yetu, yenye lugha yake na shida zake za karatasi, ilikuwa imeanza kujulikana na ofisi moja, na sasa imesambazwa kwa ofisi tatu ambazo kwa kila moja sisi ni watu wa pembezoni. Mambo kama haya hayaonekani katika majedwali ya viti, ilhali ndiyo mwananchi wa kawaida anayoyapata kwanza.

Tazameni pia jinsi mbunge wa eneobunge la 6 alivyopatikana mwaka 2024. Kwa ramani mpya, Mheshimiwa Kathy Manning, Mdemokrat aliyekuwa akiliwakilisha, aliona hakuna njia ya kushinda na hakugombea tena, na chama chake hakikusimamisha mtu mwingine yeyote. Basi shindano la kweli lilikuwa uteuzi wa chama cha Republican mwezi Machi, uliokuwa na wagombea sita. Aliyeongoza alipata kiasi cha robo moja tu ya kura. Aliyemfuata, ambaye angeweza kudai duru ya pili, alijiondoa. Na hapo, mwezi Machi, kiti kikawa kimekwisha kupata mwenyewe. Novemba, watu walipopanga foleni wakiamini ndiyo siku ya uamuzi, karatasi ya kura haikuwa na Mdemokrat katika nafasi hiyo. Simshutumu mbunge aliyepatikana, ambaye alifuata kanuni alizozikuta. Lakini mbunge anayejua kwamba hatari yake yote iko katika uteuzi wa chama atawasikiliza wapiga kura wa uteuzi huo, nao ni wachache na mara nyingi ni wale wenye misimamo mikali zaidi. Wengine wote, Wademokrat, wasio na chama, hata Warepublikan wa wastani, hawana cha kumtishia wala cha kumwahidi. Ninyi wenyewe mnalalamika kila mwaka kwamba hakuna maelewano Bungeni, kwamba mwenzenu akishirikiana na upande wa pili huadhibiwa nyumbani. Sehemu kubwa ya adhabu hiyo inatoka katika maeneobunge ambayo yamefanywa kuwa ya chama kimoja.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na hakuna mahali ambapo jambo hili lilikiriwa waziwazi kama hapa North Carolina. Mwaka 2016 mwenyekiti mwenza wa kamati ya mipaka katika bunge la jimbo, David Lewis, alipendekeza mbele ya wenzake kwamba ramani ichorwe iwape Warepublikan viti kumi na Wademokrat vitatu (wakati huo jimbo lilikuwa na viti 13), akaeleza kwamba sababu ya kutopendekeza kumi na moja kwa viwili ni kuwa hakuamini inawezekana. Matokeo ya 2016 yalikuwa kumi kwa vitatu, kama alivyotaka. Wananchi walipokwenda mahakamani, kesi yao, Rucho dhidi ya Common Cause, ilifika Mahakama ya Juu pamoja na ile ya Maryland, na tarehe 27 Juni 2019 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mahakama za shirikisho hazina uwezo wa kusikiliza malalamiko ya upendeleo wa chama katika mipaka. Jaji Elena Kagan, akipinga, alikumbusha kwamba mtaalamu mmoja alitengeneza kwa kompyuta ramani 3,000 za jimbo hili bila kuangalia chama, na kila moja kati ya hizo 3,000 ingewapa Wademokrat angalau kiti kimoja zaidi ya ramani iliyokuwa ikitumika. Ushahidi wa hila hauwezi kuwa bayana zaidi ya hapo, na bado mlango ulifungwa.

Hata hivyo, Waheshimiwa, naomba mwusome tena uamuzi huo, kwa sababu Jaji Mkuu John Roberts hakusema kwamba vitendo hivi ni vizuri. Alikubali kwamba ramani za namna hii hazipatani na misingi ya demokrasia, kisha akaeleza nani mwenye uwezo wa kuchukua hatua: majimbo yenyewe, na ninyi. Alitaja kwa jina kifungu cha Katiba kinachowapa uwezo huo na akataja hata miswada iliyokuwa mezani kwenu wakati huo. Tangu siku hiyo hamwezi kusema kwamba mnaisubiri mahakama.

Kuhusu majimbo, historia ya North Carolina inaonyesha kwa nini hayatoshi. Februari 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ilibatilisha ramani ya upendeleo, na ikatumika ramani ya muda iliyosimamiwa na mahakama, ile iliyoleta saba kwa saba. Novemba mwaka huo uchaguzi wa majaji ulibadilisha wingi wa mahakama hiyo kuwa wa Republican, na mwezi Aprili 2023 mahakama ile ile ikaufuta uamuzi wake wa mwaka mmoja nyuma, ikisema sasa kwamba Katiba ya jimbo haina la kusema juu ya upendeleo wa chama. Gavana wetu hana kura ya turufu dhidi ya ramani za mipaka. Ni moja ya mambo ambayo Katiba ya jimbo imemwondolea. Wananchi wa hapa hawana njia ya kukusanya saini na kuleta sheria yao katika kura ya maoni, kama walivyofanya wale wa Michigan mwaka 2018. Mtu atasema basi tulichague bunge lingine la jimbo, lakini bunge hilo ndilo linalochora pia mipaka ya viti vyake lenyewe. Kila njia iliyo mikononi mwa raia wa jimbo hili imezibwa, na hilo linakuwa jambo la Marekani nzima pale viti vitatu vya jimbo moja vinapoamua nani awe Spika.

Lipo pia suala la rangi, ambalo siwezi kulipita. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 iliandikwa ili Wamarekani Weusi wasinyimwe sauti, na katiba inakataza kuchora mipaka kwa msingi wa rangi. Lakini katika Kusini, ambako Weusi walio wengi huwachagua Wademokrat, mchoraji anaweza kuwatawanya watu hao na kusema kwamba aliangalia chama tu, hakuangalia rangi. Na kwa kuwa upendeleo wa chama hauhojiwi mahakamani, kisingizio hicho kimekuwa ngao. Mwaka 2024, katika kesi ya South Carolina, Mahakama ya Juu iliufanya mzigo wa kuthibitisha kuwa ni rangi uwe mzito zaidi. Oktoba 2025 bunge la North Carolina lilirudi tena kwenye ramani na kulichora upya eneobunge la 1 la kaskazini-mashariki, ambalo tangu uchaguzi wa 1992 limewakilishwa mfululizo na Wamarekani Weusi, kuanzia Eva Clayton hadi Don Davis. Viongozi wa bunge la jimbo hawakuficha kwamba walichotaka ni kiti cha kumi na moja cha Republican. Kile ambacho David Lewis hakuamini kinawezekana mwaka 2016 kilikuwa sasa ndiyo mpango.

Hatua hiyo ilikuwa sehemu ya mbio zilizoanzia Texas. Kwa kawaida mipaka hukaa miaka kumi, hadi sensa nyingine. Katika majira ya joto ya 2025, kwa kuhimizwa na Rais Trump, viongozi wa Texas waliamua kuchora upya katikati ya muongo ili chama chao kipate viti vitano zaidi juu ya 25 kati ya 38 kilivyokuwa navyo. Wabunge Wademokrat wa jimbo hilo walitoroka ili akidi isitimie, wengi wakikimbilia Illinois, jimbo ambalo nimekwisha kulitaja. Walirudi, na gavana akatia saini mwezi Agosti. Missouri ikafuata kwa kuupasua mji wa Kansas City. California ikajibu. Jimbo hilo lilikuwa na tume huru ya wananchi 14, watano wa kila chama kikuu na wanne wasio wa vyama hivyo, na tume hiyo ilikuwa fahari ya wapenda haki nchi nzima. Tarehe 4 Novemba 2025 wapiga kura, kwa zaidi ya asilimia 60, waliiweka kando ramani ya tume hadi uchaguzi wa 2030 na kupitisha nyingine yenye lengo la kuwapa Wademokrat viti vitano.

Niliyasoma matokeo ya California kwa huzuni, na sikuweza kuwalaumu waliopiga kura hiyo. Jimbo linalojifunga mikono peke yake huku jirani akijichotea linawaumiza watu wake wenyewe, na raia wake hawatavumilia hivyo daima. Kwa hiyo siamini tena, kama nilivyowahi kuamini, kwamba tume huru zitaenea jimbo kwa jimbo hadi zifike kwetu. Arizona, Michigan na Colorado zilizianzisha kwa kura za wananchi. Iowa ina utaratibu wake mzuri tangu 1980, ambapo wataalamu wa ofisi isiyo ya chama huchora bila kutazama matokeo ya uchaguzi wala makazi ya wabunge. Zote hizi sasa zinaishi katika hofu ile ile, kwamba uadilifu wao ni faida kwa jimbo lisilo na uadilifu. Kanuni inayowafunga wote kwa siku moja ndiyo pekee inayoweza kuondoa hofu hiyo, na kanuni ya namna hiyo hutoka kwenu tu.

Hata katikati ya mbio hizo kuna watu waliokataa. Mwezi Desemba 2025 Seneti ya jimbo la Indiana, yenye Warepublikan 40 na Wademokrat 10, iliikataa ramani ambayo ingekipa chama cha Republican viti vyote tisa vya jimbo hilo. Kura zilikuwa 31 dhidi ya 19, na Warepublikan 21 walikuwa miongoni mwa waliosema hapana, baada ya wiki nyingi za shinikizo kutoka Ikulu ya Washington na vitisho vilivyofika hadi majumbani mwa baadhi yao. Hawakuwa na cha kupata. Baadhi yao walijua wangetafutiwa wapinzani katika uteuzi. Nawataja kwa heshima kwa sababu kuna wengi kati yenu ambao husema faraghani kwamba jambo hili ni baya lakini chama hakitakubali. Maseneta wa Indiana walikuwa ndani ya chama hicho hicho.

Sitaki nionekane kudai kwamba mipaka ya hila ndiyo chanzo cha kila kiti kisicho na ushindani. Massachusetts ina viti tisa, vyote vya Wademokrat, ingawa kiasi cha theluthi moja ya wapiga kura wake huwapigia Warepublikan kura ya urais. Huko Warepublikan wametapakaa kwa usawa hivi kwamba hata mchoraji mwaminifu kabisa angepata taabu kuwatengea eneobunge. Wademokrat nao hujazana mijini, na hilo huwagharimu bila mtu kuwafanyia hila. Tatizo la aina hiyo lingepungua kwa maeneobunge makubwa yenye wabunge watatu hadi watano kila moja, wanaochaguliwa kwa uwiano wa kura. Mswada wa kufanya hivyo umeletwa mbele yenu mara kadhaa, na kinachouzuia ni sheria mliyoitunga wenyewe mwaka 1967 inayoamuru mbunge mmoja kwa eneobunge moja. Ningeuunga mkono. Lakini ni safari ndefu, na sitaki iwe sababu ya kuacha kufanya lile linalowezekana sasa.

Linalowezekana limo katika Ibara ya Kwanza, kifungu cha nne, ya Katiba ya Marekani: mabunge ya majimbo hupanga nyakati, mahali na namna ya kuwachagua wabunge, lakini Bunge la Marekani linaweza wakati wowote kutunga au kubadilisha kanuni hizo kwa sheria. Mmeutumia uwezo huo tangu 1842. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mwaka 2019, na tena 2021, mswada ambao ungelazimisha kila jimbo kuwa na tume huru; uliishia katika Seneti, na mwingine wa namna hiyo ukaishia huko huko Januari 2022. Nadhani ulibebeshwa mambo mengi mno, fedha za kampeni, uandikishaji, maadili ya viongozi, hata ikawa rahisi kwa upande mmoja kuuita mpango wa upande mwingine. Agosti 2025 Mheshimiwa Kevin Kiley, Mrepublikan wa California, alileta mswada mfupi wa kupiga marufuku uchoraji upya katikati ya muongo. Huo ni mwanzo ambao vyama vyote viwili vinaweza kuukubali bila kuona aibu, kwa sababu Mrepublikan ndiye aliyeuleta na majeraha yapo pande zote.

Naomba mwuchukue na kuukamilisha. Marufuku ya katikati ya muongo peke yake itazigandisha ramani mbaya zilizopo hadi 2031, kwa hiyo sheria iseme pia kwamba baada ya sensa ya 2030 kila jimbo litachorewa mipaka na tume ya raia ambao si wabunge, si wagombea na si waajiriwa wa vyama, wakichaguliwa kwa njia inayofanana na ya Michigan, ambako wajumbe 13, wanne wa kila chama kikuu na watano wasio na chama, walipatikana kwa bahati nasibu kati ya maelfu walioomba. Iseme kwamba mji au kaunti isikatwe pasipo sababu ya kimaandishi iliyotangazwa kwa umma. Iseme kwamba ramani yoyote itakayozidi kiwango fulani cha upendeleo, ikilinganishwa na maelfu ya ramani zilizotengenezwa na kompyuta bila kuangalia chama, itahesabiwa kuwa batili hadi ithibitishwe vinginevyo. Na iwape wananchi haki ya kushtaki katika mahakama za shirikisho kwa kutumia kipimo hicho, kwa kuwa kilichowashinda majaji mwaka 2019, kwa maneno yao, ni kukosa kipimo, na kipimo kinaweza kuandikwa na ninyi. Mahali nilikozaliwa, Katiba ya Kenya ya 2010 iliitoa kazi hii mikononi mwa wanasiasa ikaipa tume, na ikaandika humo humo ni kwa asilimia ngapi eneobunge linaweza kupishana na wastani wa watu. Tume ile ina matatizo yake, tena makubwa, lakini hakuna mbunge wa Nairobi anayeweza kusimama mbele ya wenzake na kutangaza kwamba yeye ndiye atakayechora kiti chake.

Takwimu za sensa ijayo zitafika majimboni mwaka 2031. Tume zinahitaji muda wa kuundwa, kufundishwa na kusikiliza watu. Za California na Michigan zilianza kutafuta wajumbe zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kazi. Kwa hesabu hiyo sheria ni lazima iwe imetiwa saini mapema mwaka 2029, na ili itiwe saini mwaka huo ni lazima kamati zenu za Sheria katika mabaraza yote mawili zianze kuusikiliza mswada huu katika kikao cha sasa. Nawaomba mtangaze tarehe ya kusikiliza maoni ya wananchi, na mwite humo wakazi wa Greensboro, wa Kansas City na wa vijiji vya kusini mwa Illinois, waketi meza moja. Mimi niko tayari kuja, kwa gharama zangu.

Kwa heshima,

Mpiga kura wa Greensboro,
Kaunti ya Guilford, North Carolina